Somo la Stima: Kila Mtu Ana Vibarua Wangapi?

(Somo hili lisomwe katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine awe na kalamu na karatasi ya kupigia hesabu. Mwenye ujumbe wa tokeni za miezi 3 iliyopita kwenye simu yake asiufute, tutauhitaji mwishoni.)



Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, nguzo za stima zimefika mahali pengi ambapo wazee wetu hawakutarajia kuziona. Ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na waliolengwa ni wale walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Mwaka 2013 Wakenya waliokuwa na stima nyumbani walikuwa kama 3 au 4 katika kila 10. Siku hizi ni zaidi ya 7 katika kila 10. Hilo ni jambo kubwa, wala tusilidharau.

Lakini hapa Sigor na Chepalungu nzima kuna swali linaloulizwa kila mahali watu wanapokutana: stima imefika, mbona kazi ni ile ile? Taa inawaka, simu inachajiwa, redio inasema. Lakini maji bado yanapanda kutoka mtoni kwa mgongo wa mama, nepia bado inakatwa kwa panga, na maziwa ya jioni bado yanaharibika. Basi tumekosea wapi? Hebu tupige hesabu pamoja, kwanza ya dunia nzima, halafu yetu wenyewe.

1. YUNITI NI KITU GANI?

Ukinunua tokeni, unapewa yuniti. Yuniti moja ni stima inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Pasi nyingi ni za wati 1,000 hivi. Kwa hivyo ukipiga pasi saa nzima, yuniti moja imekwisha. Balbu ya siku hizi ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100 kabla ya kumaliza yuniti hiyo hiyo. Balbu ya zamani ya wati 60 itaimaliza kwa saa kama 17 tu.

Sasa tulinganishe na nguvu ya binadamu. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya jasho, hutoa nguvu ya wati 75 hivi. Akiendelea hivyo saa 8, atakuwa ametoa sehemu 6 za kumi za yuniti, yaani 0.6. Maana yake, yuniti moja ya stima ni karibu kazi ya siku mbili ya kibarua mwenye nguvu. Shika hesabu hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo kipimo chetu katika somo hili: kibarua mmoja wa stima ni yuniti 0.6 kwa siku.

2. TUZUNGUKE DUNIA

Nchi hupimwa hivi: stima yote iliyotumika kwa mwaka inagawanywa kwa idadi ya watu wote, mpaka mtoto mchanga. Jibu linaitwa wastani wa mtu mmoja. Hizi hapa ni hesabu za karibu karibu za miaka ya hivi majuzi, kwa mtu mmoja kwa mwaka:

Iceland: zaidi ya yuniti 50,000
Norway: zaidi ya 20,000
Marekani: yapata 12,500
China: zaidi ya 6,000
Oman: zaidi ya 6,000
Uingereza: zaidi ya 4,000
Dunia nzima kwa wastani: yapata 3,500
Afrika Kusini: zaidi ya 3,000
India: zaidi ya 1,000
Kenya: yapata 200
Uganda: yapata 100

Tugeuze hizo yuniti ziwe vibarua. Mmarekani mmoja hutumia kama yuniti 34 kwa siku. Gawa kwa 0.6, utapata vibarua 57. Yaani kila Mmarekani, mzee kwa mtoto, anaamka asubuhi akiwa na watu 57 wasioonekana wanaomfanyia kazi kutwa. Mtu wa Iceland anao zaidi ya 220. Mtu wa kawaida wa dunia anao 16. Mkenya? Yuniti 200 kwa mwaka ni kama nusu yuniti kwa siku. Hafikishi hata kibarua mmoja mzima. Mganda ana nusu kibarua.

Friji moja la kawaida katika nyumba ya Marekani hula yuniti kama 400 hivi kwa mwaka. Friji peke yake, likisimama jikoni bila kusema neno, linatumia stima ya Wakenya wawili.

3. WASTANI UNAFICHA MENGI

Lakini tusikimbilie kulia wala kulaumu. Chukua maboma 10. Boma moja lina ng'ombe 40, na yale 9 hayana hata mmoja. Wastani ni ng'ombe 4 kwa kila boma. Haya, nenda boma la tano ukaombe mursik uone utapewa nini. Hesabu ni ya kweli, lakini haikuambii ng'ombe wako wapi.

Stima ni vivyo hivyo. Watu wa Iceland hawafikishi hata nusu milioni. Nchi hiyo ina maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini mwingi, na sehemu kubwa ya stima yake huenda kwenye viwanda vya kuyeyushia alumini, si kwenye sebule za watu. (Huko ndiko wataalamu wengi wa Kenya wamesomea kazi ya mvuke wa ardhini, ule unaochimbwa Olkaria tangu mwaka 1981 na ambao sasa unatoa karibu nusu ya stima ya Kenya.) Oman ni nchi ya joto kali, kwa hivyo stima nyingi inakwenda kwenye mashine za kupoza hewa majumbani na maofisini, na nyingine kwenye kuondoa chumvi katika maji ya bahari ili watu wapate ya kunywa.

Hata Marekani, nyumba moja ya kawaida hutumia yuniti zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na ina watu 2 au 3. Hiyo ni zaidi ya 4,000 kwa kila mtu. Kumbe wastani wa mtu ni 12,500! Zile nyingine ziko wapi? Ziko nje ya nyumba: viwandani, hospitalini, madukani, shuleni, kwenye pampu za maji. Theluthi moja iko nyumbani, theluthi mbili ziko kazini.

Na Kenya ni karibu hivyo hivyo. Katika stima inayouzwa, kama theluthi moja tu ndiyo inayoingia majumbani. Kwanza, kati ya kila yuniti 100 zinazonunuliwa na Kenya Power kutoka kwa wenye mitambo, zaidi ya 20 hupotea njiani, nyingine kwa joto la waya ndefu na nyingine kwa wizi.

Jirani zetu wa Kongo wanajua jambo hili kwa uchungu zaidi. Mabwawa ya Inga yamejengwa kwenye mto wenye nguvu kuliko yote ya Afrika, la kwanza mwaka 1972 na la pili mwaka 1982. Waya ndefu ikavutwa mpaka migodi ya shaba ya Katanga, ikipita juu ya vijiji ambavyo havikupewa hata taa moja. Hadi leo Wakongo wengi hawana stima kabisa.

Nasi tuna mfano wetu. Watu huchanganya Sigor yetu na ile ya Pokot Magharibi. Upande ule kuna bwawa la Turkwel, lililoanza kutoa stima mwaka 1991, lakini nyumba nyingi za huko zilikaa gizani miaka mingi baadaye. Huku kwetu, Mto Kipsonoi huungana na mito mingine kuwa Mto Sondu, na maji hayo yanaendesha mitambo ya Sondu Miriu yenye megawati 60. Kuona maji yakipita si sawa na kuwa na stima, na kuona waya ikipita si sawa na kufanyiwa kazi nayo.

4. TUPIGE HESABU YA NYUMBA YA SIGOR

Chukua nyumba ya watu 6 iliyounganishwa, yenye vitu vya kawaida. Kwa mwezi:

Taa 4 za wati 9, saa 5 kila usiku: yuniti 5 na nusu
Runinga ya wati 50, saa 4 kwa siku: yuniti 6
Redio ya wati 10, saa 6 kwa siku: karibu yuniti 2
Simu 3 zikichajiwa kila siku: yuniti 1 na nusu
Pasi, saa moja kwa wiki: yuniti 4

Jumla ni kama yuniti 19 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 228. Gawa kwa watu 6, kila mtu ana yuniti 38. Mmarekani humaliza yuniti hizo kwa siku moja na kitu.

Kwa siku, nyumba hiyo inatumia yuniti 0.63. Yaani nyumba nzima ina kibarua mmoja. Na kibarua huyo anafanya nini? Anashika taa, anapiga hadithi, na Jumamosi anapiga pasi. Hakuna jembe mkononi mwake, hakuna mtungi wa maji mgongoni, hakuna kikapu cha nepia. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Kazi ni ile ile kwa sababu kibarua wetu wa stima hajatumwa kazini.

Mtu asione haya kwa sababu nyumba yake inatumia kidogo. Shirika la Kimataifa la Nishati, lilipotaka kuhesabu ni nani ameanza kupata stima, liliweka kiwango cha chini cha yuniti 250 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Nyumba yetu ya yuniti 228 iko karibu hapo. Lakini mwaka 2021 wataalamu wa Energy for Growth Hub walipendekeza kiwango kingine: yuniti 1,000 kwa kila mtu kwa mwaka, 300 nyumbani na 700 nje ya nyumba. Angalieni vile walivyogawanya. Sehemu kubwa waliiweka nje, mahali watu wanapofanyia kazi na kupata riziki.

Neno moja kuhusu sola. Paneli ndogo ya wati 20 ikipata jua zuri saa 5 hutoa kama yuniti 3 kwa mwezi. Mara nyingi stima hiyo haiingii kwenye hesabu za serikali, wala kuni zetu haziingii. Kwa hivyo usidhani nyumba isiyo na waya haina mwanga wala moto. Wastani wa stima ni wa stima tu, hauhesabu vyote.

5. STIMA TUNAYOTUMIA BILA KUJUA

Mkulima anayepeleka majani chai Kapkoros au Mogogosiek anatumia stima hata kama nyumbani kwake kuna koroboi. Kiwandani, feni kubwa hupuliza majani usiku kucha ili yanyauke. Halafu kuna mashine za kuyakatakata, mikanda ya kuyabeba, na za kuchekecha. Joto la kukaushia hutoka kwa kuni, lakini mengine karibu yote ni stima. Zaidi ya kilo 4 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na gharama ya kazi hiyo yote hukatwa kabla bonasi haijafika mfukoni mwako. Kwa hivyo bei ya stima ni jambo lako, hata kama huna mita.

Wenye mashamba makubwa ya Kericho walilielewa hilo mapema, wakajenga mitambo midogo ya maji kwenye mito yao. Na hospitali ya Tenwek, inayoendeshwa na kanisa, ilijenga mtambo wake kwenye maporomoko ya Mto Nyangores katika miaka ya 1980. Hawakuanza kwa kuuliza taa ngapi ziwake. Walianza kwa kuuliza ni kazi gani lazima ifanyike: chumba cha upasuaji, maabara, kufua mashuka. Kazi ilitangulia, stima ikafuata.

6. KIBARUA ATUMWE KAZINI

Sasa tuone yuniti moja inaweza kufanya nini ikitumwa.

Maji. Kupandisha lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kutoka mtoni hadi kwenye tangi lililo mita 50 juu, pampu ya kawaida inahitaji kama theluthi moja ya yuniti. Yuniti moja nzima itapandisha mitungi 150. Akina mama, ninyi mnajua mitungi 150 ni safari ngapi na ni siku ngapi.

Maziwa. Kupoza lita 1,000 za maziwa yaliyotoka kukamuliwa mpaka yawe baridi ya kuwekwa usiku kucha huhitaji kama yuniti 20. Gawa kwa kila lita, ni kitu kidogo sana. Bila hizo yuniti, maziwa ya jioni hayavumilii safari ya asubuhi.

Nepia. Mashine ndogo ya kukatakata nyasi yenye injini ya wati 1,500, ikifanya kazi nusu saa, hutumia robo tatu za yuniti, na ng'ombe kadhaa wameshiba.

Kazi hizi zina jambo moja linalofanana. Nyingi si za nyumba moja. Mtu peke yake hanunui tangi la kupozea maziwa, wala si rahisi kwake kugharimia stima ya feizi tatu ya kuendesha kinu cha posho. Kikundi kinaweza. Ushirika wa maziwa unaweza. Kamati ya maji inaweza. Ndiyo maana tunasema umaskini wa stima wa Sigor hautaisha kwa kila nyumba kuongeza balbu. Utapungua watu wakikaa pamoja na kuchagua kazi moja nzito ambayo stima itaifanya badala ya mgongo wa mtu.

7. TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni bei. Kwa mpangilio ulioanza Aprili 2023, nyumba ambayo wastani wake wa miezi 3 hauzidi yuniti 30 kwa mwezi inalipa bei ya chini. Ikizidi 30 hadi 100 inahamishwa kwenye bei ya kati, na juu ya 100 bei inapanda tena. Kikomo hiki kimebadilishwa mara nyingi: kiliwahi kuwa 50, Julai 2018 kikawa 10, mwisho wa mwaka huo kikawa 100, na Aprili 2023 kikawa 30. Mtu aliyehamishwa hulipa bei mpya kwa yuniti zake zote, si zile za juu tu. Kwa hivyo usiunganishe pampu au mashine ya nepia kwenye mita ya nyumba bila kupiga hesabu. Mradi wa kikundi uwe na mita yake na daftari lake, na kila anayehudumiwa alipe kidogo.

Ya pili ni usalama. Waya ya balbu haiwezi kubeba mzigo wa injini. Itapata moto na kuunguza nyumba. Mwiteni fundi mwenye leseni, na mumwombe awaonyeshe leseni yenyewe.

MASWALI YA KIKUNDI

Moja. Kila mmoja atoe ujumbe wake wa tokeni za miezi 3. Jumlisha yuniti, gawa kwa 3, halafu gawa kwa watu wa nyumba yako. Zidisha kwa 12. Je, wewe ni yuniti ngapi kwa mwaka? Linganisha na 38 ya mfano wetu, na 200 ya Kenya.

Mbili. Kibarua wa stima wa nyumba yako anafanya kazi gani? Iandikeni orodha, mtie alama kila kazi inayoleta pesa au inayopunguza mzigo.

Tatu. Ni kazi gani moja katika kijiji chenu inayovunja migongo zaidi, na nani anaifanya? Waulizeni akina mama na watoto wajibu kwanza, wazee na vijana wa kiume wasikilize.

Nne. Kazi hiyo ingehitaji yuniti ngapi kwa mwezi, na kila nyumba ingelipa kiasi gani? Kama hamwezi kupata jibu kamili, andikeni jibu la karibu. Mkutano ujao mje na bei ya pampu, tangi au mashine kutoka maduka mawili ya Bomet, ili tuendelee kutoka hapo.